Mwenye Kiti, Maneno Mawili

Kijiji cha Ujamaa Mtakuja,
S.L.P. Kintinku.
6 Oktoba 1974

Shemeji Mwantum,

Marahaba. Najua umeshaniamkia moyoni kabla hujachana bahasha. Salamu kwa wanao na kwa wote wanaokuja dukani kwako kununua chumvi na kuondoka na habari.

Nimehamishwa. Hii ni mara ya tatu maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto: mbung'o walikuwa wameenea porini, Mzungu akaamuru watu wakae pamoja. Kwa hiyo mdudu ndiye aliyenitoa mahali nilipozaliwa, nami sijawahi kumwonea kinyongo. Mara ya pili shule ilihama, na mwalimu hufuata ubao wake. Mara hii nimeambiwa ni kwa ajili ya bomba, shule na zahanati. Bomba limefika, maji bado yako njiani. Mambo hayo siyapingi, mimi nimefundisha miaka yangu yote. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba ninafurahi.

Kila kaya iliruhusiwa vyombo, mbegu na mifugo. Kijana wa mgambo anayeitwa Lazaro aliniuliza ndani ya chungu kikubwa kuna nini.

"Mfugo," nikamwambia.

"Mbuzi?"

"Hapana."

Akachungulia. Akafunika taratibu. "Mzee Alute," akasema, "panda gari."

Hivyo ndivyo Mwenye kiti alivyofika Mtakuja. Unamkumbuka vizuri, maana ulicheka mpaka ukakaa chini siku marehemu mke wangu Theodora alipomchimbua. Tulikuwa tunafukua kisima, kiangazi cha mwaka wa Uhuru, akatoa kijiwe kilichofungwa ngozi kavu kama karatasi, na kijiwe kikafumbua jicho. Wewe ulisema kitupwe. Theodora alikitia kwenye sufuria ya maji, kikawa chura mwenye ukubwa wa limao. Leo ni mkubwa kama mkate mzima, naye ana umri wa Tanganyika huru.

Shida yangu ni chakula chake. Chura hali kilichokufa. Mwekee nyama ya sikukuu, ataitazama kama anavyotazama ukuta. Jicho lake huona kinachosogea tu. Hapa Mtakuja mchwa napata: jioni naweka mabua na samadi mbichi chini, nafunikia chungu, asubuhi kimejaa. Lakini mchwa peke yao ndio waliomlemaza. Mwaka ule wa kwanza Theodora alimlisha mchwa tu, kwa upendo mtupu, na miguu yake ya mbele ikapinda kama mpini wa bakora. Ndiyo maana hawezi kujiinua kifua, na ndiyo maana Theodora alimtafutia kile kigoda chenye shimo katikati. Anaegemeza kifua ukingoni, mdudu anatiwa shimoni asiweze kutoka, naye anakula kama binadamu mezani. "Haya, mwenye kiti, kula," alimwambia siku ya kwanza. Jina likabaki hapo.

Tangu hapo tulijifunza kumbadilishia: leo nyenje, kesho panzi, kesho kutwa mende, siku nyingine minyoo au funza, na juu yao unga wa ganda la yai lililochomwa, unanyunyizwa kama chumvi. Kwetu nilikuwa na vyungu vya wadudu wa kila aina. Vyote vimevunjika garini. Panzi wapo tele kwenye pamba ya kijiji, ila Bwana Shamba ameimwagia dawa ya unga, na panzi aliyekula dawa humuua aliyemla. Lazima nifuge upya mwenyewe. Jirani yangu Bibi Esta ananiletea mende wa jikoni kwake. Anawakamata kwa mkono mtupu, bila kelele, mwanamke wa ajabu. Nimewatia mtungini na kupaka samli ukingoni wasipande. Bibi Esta anasema mende wangu wanakula samli wakati yeye anakula ugali wa unga wa njano.

Sasa ombi. Nitafutie nyenje, hasa wenye sindano mkiani, hao ndio majike; wakipata mchanga wenye unyevu watataga, nami nitakuwa na mbegu yangu. Na la pili, nakuomba usikasirike: wale funza wa manjano wanaokaa kwenye pumba za zamani, ghalani mwako.

Shemeji yako,
Alute Mghenyi

*

Singida Mjini,
22 Oktoba 1974

Shemeji Alute,

Shikamoo. Barua yako imefika nami nimeisoma mara mbili, ya pili ili nihakikishe kwamba kweli nimetukanwa. "Funza ghalani mwako"! Marehemu mume wangu Ramadhan angekuwa hai angepanda basi akufuate na bakora. Duka hili lina miaka ishirini, na hajatokea mteja aliyethubutu kutamka neno hilo mlangoni.

Nimechambua gunia la pumba lililokuwa nyuma kabisa. Nimepata nusu kopo. Usimwambie mtu.

Nyenje nimewatoa chini ya rundo la matofali, mimi mwenyewe, mwanamke mwenye wajukuu, nimepiga magoti na chujio la chai mkononi. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Bi Mwantum, umepoteza nini?" Nikamjibu: "Akili. Shuka unisaidie kutafuta." Hakushuka. Majike wenye sindano wamo, nimewawekea na maganda ya boga wasife njaa njiani. Nimegawa kopo kwa kipande cha boksi, funza chini na nyenje juu, nimetoboa kifuniko.

Basi la kesho litashusha kopo Mtakuja. Ili kondakta asilifungue wala asilikalie, nimeandika kwa wino wa duka, herufi kubwa: CHAKULA CHA MWENYEKITI, MTAKUJA. Ameliheshimu sana. Ameliweka mbele, karibu na dereva.

Huyo Bibi Esta umemtaja mara mbili. Kwa habari ya mende, mara moja ingetosha.

Mla funza wako hajambo? Mwambie mimi bado nasema angetupwa.

Shemeji yako,
Mwantum binti Othmani

*

OFISI YA KIJIJI, MTAKUJA
28 Oktoba 1974

Mzee Alute Mghenyi,

Shikamoo.

YAH: KOPO LA WADUDU LILILOLETWA KWA CHEO CHANGU

Jumatano, wakati wa mgao wa unga wa njano, kondakta aliteremsha hapa ofisini kopo lililoandikwa "Chakula cha Mwenyekiti". Wananchi waliokuwa kwenye foleni walianza kunung'unika kwamba Mwenyekiti analetewa chakula chake kutoka mjini wakati wao wanagawiwa kwa vibaba. Ili kuondoa shaka hiyo, niliamua kulifungua hadharani.

Shaka ya chakula iliondoka. Wananchi walicheka kwa muda ambao sikuweza kuudhibiti. Nyenje walienea ofisini, na mpaka leo wanalia wakati wa vikao. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kikaratasi, nacho kilisomwa kwa sauti na mtu aliyekiokota: "Mwambie Mwenyekiti asile kwa pupa akavimbiwa kama mwaka ule. Akinuna, mnyunyizie maji tumboni."

Nimeuliza, nikaambiwa una chura na kwamba chura huyo ndiye Mwenyekiti. Nimeambiwa pia kwamba hata mama yangu mzazi, Bibi Esta, umemwingiza katika kazi ya kukusanya mende.

Mimi ni kijana mbele yako na nimefundishwa heshima. Lakini cheo si changu, ni cha wananchi. Kwa hiyo unaagizwa kumpa chura huyo jina lingine, au kumwondoa kijijini, na kuomba radhi mbele ya mkutano wa Jumapili tarehe 10 Novemba.

Uhuru na Kazi.

Bonaventura Senge,
Mwenyekiti wa Kijiji

*

Mtakuja,
31 Oktoba 1974

Shemeji Mwantum,

Nakuambatanishia nakala ya barua niliyopata, nimeinukuu kwa mkono wangu. Isome ukiwa umekaa.

Umeona kosa lako? Ni dogo, halizidi upana wa herufi moja ambayo haikuandikwa. Theodora alisema "mwenye kiti", maneno mawili, mtu mwenye kiti chake, kama tunavyosema mwenye nyumba au mwenye mbuzi. Wewe kwa haraka ya duka umeyabana yakawa neno moja, na neno hilo moja lina ofisi, muhuri na mgambo. Miaka yote niliwapigia watoto kelele kuhusu nafasi kati ya maneno. Sikujua kwamba siku moja nafasi hiyo itanipeleka mkutanoni.

Usijilaumu sana. Kwanza, nilikuwa kwenye foleni na kibaba changu, na naapa sijacheka hivyo tangu msiba. Nyenje mmoja alipanda begani kwa Bonaventura na kuanza kuimba. Lazaro wa mgambo alikuwa amesimama wima, bunduki ya mbao begani, machozi yakimtoka. Funza niliwaokoa wengi. Nyenje majike nilipata watatu, na wameshataga.

Ndiyo, Bibi Esta ni mama yake Bonaventura. Sikukuambia kwa sababu ungeniandikia kurasa mbili za utani. Kwake sikwenda kutafuta chochote zaidi ya mende.

Sasa nakwambia nilivyoamua. Nikimwachia mbugani Bahi atakufa siku ya kwanza. Chura asiyeweza kujiinua kifua ni tonge la korongo. Hilo halipo. Kubadili jina, kila mtu ananishauri, ni jambo dogo. Gabrieli, mwenye nyumba inayofuata yangu, alikuja kwa upole akasema, "Mwalimu, mwite Juma, yaishe."

Lakini fikiri, Shemeji. Theodora ndiye aliyekipa kisima chetu jina. Sasa pale wanapaita Kitalu Namba Nne. Njia ya kwenda kwa wazazi wake aliiita Njia ya Viatu Mkononi, kwa sababu ya matope, trekta limeilima. Mbuzi wake wote walikuwa na majina. Wamechanganywa na zizi la kijiji, wanahesabiwa tu. Katika vyote alivyovitaja mke wangu, kimebaki kimoja ambacho nikikiita kwa jina alilokipa bado kinageuza kichwa.

Jina hilo sibadilishi. Radhi kwa ajili ya kopo nitaomba, kwa kuwa kweli alichekwa. Radhi kwa ajili ya jina, hapana. Wakitaka waniweke ndani Manyoni. Humo nako najua kuna mende.

Shemeji yako,
Alute

*

Singida Mjini,
4 Novemba 1974

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Mtakuja,

Mwanangu Bonaventura,

Salamu. Mimi ni Mwantum, mjane wa Ramadhan wa duka la karibu na stendi, Singida. Aliyeandika juu ya lile kopo ni mimi, si Mzee Alute. Nilikosea. Nakuomba radhi kama mama.

Kuhusu mzee mwenyewe, nakueleza jambo ambalo yeye hatakueleza. Tangu mkewe alipofariki, akili yake haiko sawa. Huongea na yule chura kama mtu. Ni ugonjwa wa majonzi. Mtu wa namna hiyo hashtakiwi wala hatakiwi radhi, anavumiliwa tu. Mchukulie kama mgonjwa, umwache nyumbani kwake na mdudu wake, na Mungu atakulipa.

Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Mama yako,
Mwantum binti Othmani

*

Mtakuja,
11 Novemba 1974

Bi Mwantum,

Barua yako imesomwa jana mbele ya kijiji kizima. Bonaventura ana sauti nzuri, naye husimama palipo na nukta. Mwalimu wake alikuwa mtu makini.

Alipomaliza, akakunja karatasi akasema, "Ndugu wananchi, mmesikia. Mzee wetu ni mgonjwa. Ugonjwa hauna aibu. Suala hili limekwisha, Mzee Alute arudi nyumbani na chura wake."

Watu wakanitazama kwa huruma. Hujawahi kutazamwa hivyo, Bi Mwantum, na nakuombea usitazamwe. Watu waliokuwa wananichukia kidogo, au wananicheka kidogo, wote wakageuka kuwa wapole. Mwanamke mmoja akanivutia gogo nikae. Ningekaa tu, mambo yangeisha. Mwenye kiti angebaki na kiti chake, angebaki hata na jina, kwa kuwa jina linalotamkwa na mwendawazimu halimuudhi mtu.

Nikakataa gogo.

"Kwanza," nikasema, "shikamoo yangu iko wapi?"

Bonaventura akasita. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa tunaweza kubishana. Mimi si mgonjwa. Mke wangu alipompa chura jina nilikuwepo, nilikuwa na akili timamu, na akili hiyo hiyo ndiyo niliyokuja nayo hapa. Kopo lilikuja kwako kwa makosa. Kwa hilo nakuomba radhi, ulichekwa bila hatia. Jina sitaliombea radhi."

"Mzee, barua ya ndugu yako inasema..."

"Aliyeandika barua hiyo hawezi kuacha nafasi kati ya maneno mawili. Utamwamini kuhusu kichwa changu?"

Wakacheka. Nikaokota kijiti nikaandika mavumbini, mbele ya miguu yake: MWENYEKITI. Chini yake: MWENYE KITI. Nikawaambia, hili la juu ni wewe, mwanangu. Cheo na kiti vimeungana, huwezi kupitisha hata unyasi katikati. Hili la chini ni chura. Yeye ni yeye, na kiti ni kiti chake tu.

Bonaventura aliyasoma yote mawili pale mavumbini. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo nalijua. Ni la mwanafunzi aliyeiona hesabu.

"Nimeelewa, mwalimu," akasema. "Kwa hiyo kinachompa jina ni kiti. Lazaro, nenda kwa mzee ukalete kile kigoda. Chura abaki. Bila kiti si mwenye kiti, na jina limekwisha lenyewe."

Wakapiga makofi. Ningekuwa darasani, na mimi ningempigia.

Kigoda cha Theodora kimefungiwa kabati la ofisi. Nimejaribu tofali, nimejaribu sahani iliyopinduliwa. Chura anaanguka kifua, nyenje anatembea mbele ya macho yake na kwenda zake. Leo ni siku ya pili hajala.

Ningekubali kuwa mgonjwa, angekuwa ameshiba. Nataka ujue kwamba nililijua hilo niliposimama, na kwamba nilisimama.

Usitume funza. Hana pa kuwalia.

Alute Mghenyi

*

Singida Mjini,
22 Novemba 1974

Shemeji,

Ndiyo, Shemeji. Hata ukiniita Bi mpaka kufa, mimi naandika Shemeji.

Shikamoo.

Nilisema uongo. Hakuna mtu mwenye akili yake sawasawa kama wewe, na ndiyo tabu yako. Nilikosea kukuandika mgonjwa, na nilikosea zaidi kuficha. Kuogopa sikukosea. Ramadhan tumemzika pamoja, Theodora tumemzika pamoja. Baada ya hapo nikapata barua inayosema "waniweke ndani Manyoni", imeandikwa kwa mwandiko mzuri kama mwaliko wa harusi. Ulitaka nifanye nini, nikaange maandazi?

Ulisimama ukijua. Nimesoma hapo nikakasirika, nikafunga duka mchana kweupe, nikafungua tena. Theodora naye angesimama. Angesimama na chura kwapani.

Umesema nisitume funza, basi nimetuma. Nimetuma na panzi kutoka kando ya ziwa Kindai, ambako hakuna pamba wala dawa, na maganda ya mayai ya wiki nzima. Kama hana pa kuwalia, tafuta. Wewe ndiye uliyehamishwa na mbung'o ukabaki mzima.

Andiko la kopo safari hii nimelipima kwa vidole: MWENYE, vidole vitatu, KITI. Kondakta akaniuliza pengo hilo la nini. Nikamwambia hapo ndipo mtu anapovuta pumzi.

Mwantum

*

Mtakuja,
5 Januari 1975

Shemeji Mwantum,

Marahaba. Mvua imefika, bomba bado.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa na kazi nyingine. Baada ya kukuandikia kwa hasira, niligundua kiti ninacho. Nilimlaza kifua juu ya kiganja, vidole nikavikunja kuwa ukingo, na kwa mkono wa kushoto nikamtilia nyenje katikati. Alikula. Lakini chura huyu ana meno mawili ya chini kama misumari, wala hapambanui kidole kinachosogea na nyenje anayesogea. Kila mlo nilitoka damu. Nilipotoka zahanati nimefungwa kitambaa vidole vyote, Bibi Esta akaniita mlangoni kwake.

"Ni wewe unayemlisha chura, au unamlisha wewe mwenyewe?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akaingia ndani, nikasikia vyombo vinapinduliwa. Akatoka na kigoda kidogo cheusi, kina shimo katikati.

"Hiki ndicho alichokalia Bonaventura akinywa uji," akasema. "Shimo alilichimba mwenyewe kwa kisu cha baba yake. Nilimchapa sana. Mpelekee mgonjwa wako."

"Si mgonjwa, ni mlemavu."

"Nilikuwa nakutania wewe."

Kinamtosha kuliko kile cha mwanzo. Tulikiweka barazani, mbele ya watu, kwa kuwa mimi sina cha kuficha na Bibi Esta hajawahi kuficha kitu. Habari zilifika ofisini kabla chura hajamaliza panzi wako wa kwanza. Bonaventura akaja na Lazaro nyuma yake. Safari hii aliamkia kabla hajafika. Mama yake alikuwa amekaa pembeni yangu, anakatakata maganda ya boga kwa ajili ya nyenje.

"Mama," akasema, "kiti hicho kimetoka wapi?"

"Wewe hukijui?"

Akainama. Aliliona shimo, nami nikaona kwamba ameliona. "Mama, kiti hiki ni changu."

"Ni chako?" Bibi Esta hakuinua macho kwenye boga. "Basi kikalie."

Watu walikuwa wameshajaa njiani, Gabrieli mbele yao, na hakuna aliyethubutu kucheka wa kwanza. Bonaventura ni mtu mnene, Shemeji. Alikitazama kigoda. Chura alikuwa juu yake, ameegemeza kifua, mguu wa panzi unaning'inia mdomoni, naye akamtazama Bonaventura bila kupepesa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mwenye kiti." Akageuza kichwa.

Waligeuka wote wawili, nadhani. Mmoja ndiye niliyemwita.

"Lazaro, twende," akasema Bonaventura.

"Kiti tusichukue?"

"Nimesema twende."

Tangu siku ile sijaitwa mkutanoni. Vyungu vyangu vimesimama tena: nyenje wana watoto wadogo kama punje za pilipili manga, mende wamezidi, funza wako wamegeuka mbawakawa weusi na wanataga. Watu wa mstari wetu wa nyumba wamezoea. Wakipata mdudu wa ajabu shambani wanapita naye: "Mwalimu, huyu anakula?" Jana nililetewa chenene, konokono mdogo na nge. Nge nilimrudisha.

Kigoda cha Theodora bado kimefungiwa kabatini. Sijakiachilia. Kila Jumatatu naenda ofisini, nasubiri aniamkie, naitikia, nakidai, ananiambia suala linashughulikiwa, narudi. Nitakwenda mpaka atakapokitoa au tuhamishwe tena, na mimi kuhamishwa nimezoea.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima nikuandikie kabla karatasi haijaisha. Kopo lako lile la pili nalo liliteremshwa ofisini. Makondakta ni watu wa mazoea. Ilikuwa siku ya mgao, foleni ndefu, na watu wakaanza kusukumana waone. Bonaventura alilichukua, akalisoma, akalisoma tena. Hakulifungua. Alitoka nalo mwenyewe mpaka barazani kwangu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Hili si langu." Na kidole chake kilikuwa juu ya lile pengo ulilolipima.

Marahaba, nikamjibu.

Shemeji yako, mwenye akili timamu,
Alute Mghenyi